Mrejesho: Kanuni za usharika wetu hapa Unguja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mtakumbuka niliuliza tuanzie wapi kurekebisha kanuni za usharika wetu wa Kilutheri, maana zile za zamani zilipigwa taipu na hazina hata mstari mmoja kuhusu sadaka ya simu.

Mlinishauri tusiguse kitu kabla ya kusoma katiba ya dayosisi. Asanteni mno. Tuliisoma jioni tatu, na vipengele viwili tulivyokuwa tumeshaandika tukavifuta, kwa sababu usharika hauwezi kujitungia sheria inayopingana na ile ya juu yake.

Kilichotutesa ni akidi, yaani idadi ya chini ya washarika wanaotakiwa kuwapo ili mkutano uwe halali. Washarika wengi ni watumishi wa kutoka bara; leo yupo, kesho kahamishwa. Wengine wako hotelini Nungwi, na Jumapili ndiyo zamu yao. Kwa daftari la zamani, nusu ya washarika isingepatikana kamwe. Mama mzee mmoja akaketi na daftari lile, kidole kwenye kila jina: "Huyu alirudi Moshi. Huyu tulimzika." Tulinyamaza wote. Baada ya hapo akidi tukaihesabu kwa walio hai na waliopo.

Kwenye fedha tumeandika wahesabuji wawili wasio ndugu, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la usharika, si la mhazini.

Mkutano mkuu umepitisha. Rasimu sasa iko dayosisini, tunasubiri idhini. Hadi ijibiwe, tunatumia zile za zamani.