Filamu fupi ya mtu anayevutwa ndani ya gemu, bajeti milioni 2: tuanzie wapi?

Dogo_wa_Levo3

Wakuu habari zenu. Tunaandaa filamu fupi ya dakika 12, sayansi ya kubuni yenye mapigano. Kisa: kijana anayelinda kibanda cha pleisteshen anavutwa ndani ya gemu, hatoki mpaka amalize levo tatu. Nusu ya sini ziko kibandani, nusu ndani ya gemu.

Vifaa: kamera ya Canon 250D moja, lenzi ya 18–55 mm na ya 50 mm f/1.8, simu ya Android, taa mbili za LED za betri, laptop yenye RAM ya GB 16 na kadi ya michoro ya GB 4. Watu tisa jumla, siku nne za kushuti, Dar es Salaam. Fedha ni Sh 2,000,000 na haziongezeki.

Naomba msaada kwenye haya:

1. TV ya kibandani kwenye kamera inatoa mistari inayopanda. Simu nayo vilevile.
2. Dunia ya gemu tuitengeneze kwa kitambaa cha kijani (kile kinachofutwa kwenye kuediti na kuwekewa mandhari nyingine) au tutafute lokesheni?
3. Bunduki na miale ya risasi zisigeuke vichekesho.
4. Kamera iwe macho ya mchezaji au ikae nyuma ya mgongo wake?

Nawasilisha.

---

FundiTaa

Mkuu, anza na TV maana hapo ndipo filamu yako inaposimama au kuanguka. Umeme wetu ni Hz 50, lakini mashine za gemu za siku hizi hutoa picha kwa Hz 60. Kamera ikikamata fremu (picha mojamoja zinazounda video) 25 kwa sekunde, mapigo hayakutani, na mstari unaanza kutambaa. Simu nyingi zenyewe huanza na fremu 30, ndiyo maana taa za kibandani nazo zinapepesa.

Kwenye menyu ya 250D weka mfumo wa video kuwa PAL (wa fremu 25 na 50). Ukiacha NTSC (wa fremu 30 na 60), fremu 25 hutaziona kabisa. Shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 ya sekunde, na ibaki hapohapo filamu nzima isipokuwa sini za mwendo wa taratibu. Taa zinazotumia umeme wa Hz 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo 1/50 inakamata mapigo mawili kamili kila fremu na picha inatulia. Ukitaka mwendo wa taratibu, shuti 1080p (ukubwa wa picha wa 1920×1080) kwa fremu 50 na shata 1/100. Ukipanda 1/200 chini ya balbu za bei rahisi utapata michirizi. Sini zinazohitaji shata ya kasi hivyo zifanyieni juani au kwa zile taa zenu za betri.

Sasa TV yenyewe: msichezeshe gemu halisi wakati wa kushuti. Tengenezeni video ya gemu lenu la kubuni, ichezwe kutoka kwenye laptop kwa waya wa HDMI, na kwenye mipangilio ya skrini chagueni 1920×1080 kwa Hz 50. Mwigizaji anabonyeza pedi akifuata video aliyokwisha kuikariri. Faida yake ni kwamba kila teki inafanana na nyingine, na hamtumii gemu la mtu bila ruhusa.

Ikiendelea kupepesa, tazama mwanga wa nyuma wa TV. Ukiupunguza, TV nyingi za LED hufanya hivyo kwa kuzima na kuwasha taa zake harakaharaka, na kamera inaliona hilo. Upandisheni hadi mwisho. Picha ikizidi kung'aa, video yenyewe ndiyo muipunguze mwanga kwenye kuediti. Mkiona mawimbi ya rangi juu ya skrini, ni gridi ya vitone vya TV inagongana na ile ya kihisi cha kamera: sogeza kamera kidogo, badili pembe, au legeza fokasi kiasi kidogo tu.

Mwanga wa TV usoni mwa mchezaji hautoshi, usiutegemee. Weka LED moja pembeni ya TV, nje ya picha, ifunike kwa karatasi ya plastiki ya bluu, na mtu apitishe mkono mbele yake ovyoovyo. Zimeni balbu za ndani zote. Mizani ya weupe (mpangilio wa kamera unaoamua rangi ya mwanga) iwekeni kwa mkono karibu na K 4500 na muiache hapo. Ikiwa ya kujiendesha, kila mlipuko ukitokea kwenye TV uso wa mtu utabadilika rangi.

Jambo moja kuhusu 250D ambalo wengi hawalijui mpaka siku ya kushuti: ukiiweka kwenye 4K (picha yenye vitone mara nne ya 1080p), inakata kingo za picha sana, kiasi kwamba 18 mm inaona kama 47 mm kwenye kamera ya fremu kamili. Ndani ya kibanda cha mita tatu kwa tatu hutapata picha pana hata uegemee ukuta. Kibandani tumia 1080p.

---

Mzee_wa_Kompozishen

Swali la pili. Kitambaa cha kijani kwa nusu ya filamu, na laptop ya GB 4? Hapana. Dakika sita za kijani ni mamia ya sekunde za kusafisha kingo za nywele, na taa mbili hazitoshi kumulika kitambaa na mwigizaji kwa pamoja.

Tafuteni lokesheni ambazo tayari zinafanana na gemu: jengo ambalo halijaisha, lenye nguzo zilizopangwa kwa mstari, ngazi za ghorofa, makontena yaliyopandana. Halafu kasoro za bajeti yenu zipelekeni zote upande wa gemu. Kibandani kila kitu kiwe halisi: jasho, feni, nyaya zilizofungwa kwa selotepu, daftari la madeni. Ndani ya gemu mna ruhusa ya kuonekana feki, mradi ufeki wenyewe uwe na kanuni. Mfano:

Wapita njia wa ndani ya gemu wawe watu wawili tu, nguo zilezile, wanarudia kitendo kimoja cha sekunde nne bila kubadilika. Kamera juu ya tripodi, fokasi na mwangaza vimefungwa, mshuti kushoto, kisha kulia, mnaunganisha kwa kukata picha katikati. Watu wawili wanakuwa wanne. Kivuli kikivuka mstari wa kukatia kazi imeharibika, kwa hiyo malizeni ndani ya dakika kumi kabla jua halijasogea.

Gemu kukwama: simamisha picha fremu 8, sauti iendelee, kisha ruka mbele fremu 12. Gharama sifuri, na mchezaji yeyote atacheka kwa uchungu.

Kufa na kufufuka: teipu sakafuni palipo miguu, mwigizaji aanguke, mkate picha, arudi kwenye alama akiwa amesimama. Kila mara shutini pia sekunde tano za eneo lilelile bila mtu. Bila picha hiyo tupu hamna cha kuweka nyuma ya mtu anayepasuka kuwa vibox (viboksi vidogo vidogo). Na vibox ndiyo viwe damu yenu: Blender, programu ya michoro ya 3D, inavitengeneza, hailipiwi, wala hamhangaiki na rangi nyekundu kwenye nguo za kuazima.

Video ya gemu la kwenye TV: Godot (programu ya kutengenezea gemu) au Blender, zote za bure, pamoja na picha na maumbo ya gemu ya Kenney ambayo yameachwa kwa matumizi huru. Rekodi skrini kwa programu ya OBS Studio, gemu likiwa limefungwa kwenye fremu 50 na OBS nayo kwenye 50, ili mkishusha hadi 25 mnatupa fremu moja kati ya mbili bila kuchechemea. Hifadhi kama faili la MKV, maana umeme ukikatika katikati, MP4 ya kawaida haifunguki tena.

---

Pembe_Kali

Nakubaliana na Mzee ila si asilimia mia. Kijani kiwepo kwa picha tatu au nne, hasa ile ya kuvutwa ndani ya TV. Hapo 4K ya 250D ina kazi: kamera za namna hii huhifadhi rangi kwa robo tu ya vitone vya picha, ndiyo maana kingo hutoka na meno. Ukishuti 4K na kumalizia kwenye 1080p, meno yanapungua sana. Kitambaa kipigwe pasi, mtu asimame mita mbili au zaidi mbele yake, la sivyo kijani kitamrukia mabegani. Na 4K hapo haina fokasi ya kufuatilia ya kutegemewa, kwa hiyo mtu atulie kwenye alama.

Swali la nne: nyuma ya mgongo. Macho ya mchezaji yanachosha. Hardcore Henry ya mwaka 2015 ilifanya hivyo filamu nzima kwa GoPro Hero3 iliyofungwa kwenye barakoa maalumu yenye kutuliza picha, na bado wapo watazamaji waliosikia kichefuchefu. Ninyi tumieni mtindo huo kwa sekunde 10 hadi 15 mara moja, labda levo ya mwisho. Simu ikae kwenye kofia ya baiskeli karibu na jicho, na nyuma ya kofia muweke uzito unaolingana na simu, vinginevyo kofia inainama kila hatua.

Ya mgongoni: kamera mita moja na nusu hadi mbili nyuma, juu kidogo ya bega, 18 mm kwenye 1080p. Mwigizaji akimbie kwa mdundo mmoja usiobadilika, mikono ikipanda urefu uleule. Akikimbia kama binadamu, uchawi umeisha.

Mapigano: ngumi ipite sentimita 20 hadi 30 mbele ya uso, kamera ikiwa nyuma ya bega la mmoja wao ili ngumi na kidevu viwe kwenye mstari mmoja. Lenzi ya 50 mm inaficha lile pengo. 18 mm inaliumbua. Kila picha ibebe mapigo matatu au manne, mfanye kwanza kwa nusu mwendo mara nyingi. Anayepigwa ndiye anayeuza ngumi, si mpigaji. Akichelewa hata fremu tatu, mtazamaji anahisi pengo.

---

Dogo_wa_Levo3

Asanteni sana wakuu. Bunduki bado. Tulifikiria kununua zile za plastiki za watoto na kuzipaka rangi nyeusi.

---

Mzee_wa_Kompozishen

Za plastiki zinasaliti kwa wepesi wake, mkono unazipeperusha. Jaza mchanga ndani au funga nondo fupi. Lakini kwa kisa chenu bora bunduki isiyofanana na ya kweli kabisa. Chukua mikeka ya EVA (foromu laini), ile ya watoto ya kuunganisha, gundi ya viatu, na kipande cha bomba la PVC katikati kama uti. Gundi ipakwe pande zote mbili, ngoja ikauke hadi isishike kidole, ndipo ubandike. Pasha uso wa EVA joto, kisha paka gundi ya mbao iliyoongezwa maji tabaka tatu au nne, kila moja ikauke. Ukiruka hatua hiyo, EVA inanywa rangi na mikunjo inapasuka. Msitumie ile foromu nyeupe ya kufungashia TV: rangi ya kopo inaiyeyusha palepale.

Miale: fremu moja tu kwa kila risasi. Bunduki inayopiga risasi 600 kwa dakika inatoa kumi kwa sekunde, yaani mwale kila baada ya fremu mbili na nusu. Kwa hiyo pishanisheni mbili, tatu, mbili, tatu. Geuzeni na kuzungusha kila mwale usifanane na uliotangulia, na kwenye fremu hiyohiyo pandisheni mwanga wa rangi ya chungwa kwenye mkono na shavu la mpigaji. Wanaosahau mwanga huo ndio miale yao inaonekana imebandikwa. Programu ya kuediti ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha kwa yote haya. Kwa laptop yenu, tengenezeni nakala nyepesi za video na muwe na taimlaini ya 1080p.

Wakaliwood, studio ya filamu ya Wakaliga, Kampala, ilipata umaarufu wa dunia kwa Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, na miale yake haikumdanganya mtu. Ilichokuwa nacho ni kasi, na sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayeongea na kutania juu ya picha. Hiyo sauti ichukueni kama wazo: gemu lenu liwe na mtangazaji anayemsimanga mchezaji kwa Kiswahili cha mtaani. Anaficha mashimo mengi ya hadithi huyo.

---

Sikio_la_Pwani

Sauti nitaongeza kidogo. Kibandani rekodini dakika nzima ya kelele tupu za mahali, watu wakiwa kimya. Dunia ya gemu isiwe na kelele hizo hata chembe: weka mvumo wa sekunde nne unaojirudia, na mruko wa mwanzo usikike kila mara. Masikio yatajua wamevuka kabla macho hayajajua.

Milio ya sarafu na kupanda levo itoke jsfxr, ni bure na inafanya kazi kwenye kivinjari. Mkichukua sauti kwenye tovuti ya Freesound, someni leseni ya kila sauti. Zenye sharti la kutofanyia biashara ziacheni. Sauti zote ziwe kHz 48. Video za simu zina fremu zisizo na mwendo thabiti, sauti itaachana na midomo taratibu. Zipitisheni kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, mkichagua mwendo usiobadilika wa 25 kabla ya kuanza kuediti.

---

FundiTaa

Kuhusu fedha: watu tisa kwa siku nne ni sahani 36, mkiweka Sh 5,000 kila moja ni 180,000 kwa mlo mmoja wa siku. Chai na nauli zitapita hapo. Tengeni hizo kwanza, kisha diski mbili za nje, maana kila jioni kazi inakiliwa mara mbili na zinalala nyumba tofauti. Nakala asili ya hiyo filamu ya Kampala aliyoitaja Mzee haipo tena. Iliyobaki ni yenye sauti ya VJ.

Kibali cha kushuti kinatoka Bodi ya Filamu. Siku za bunduki, hata za EVA, mpeni taarifa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu, kwa maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Bunduki zisafiri ndani ya begi na zitoke tu kamera ikiwa tayari. Na hilo jengo ambalo halijaisha: kagueni nondo zilizochomoza na kingo zisizo na ukuta mchana wa siku iliyotangulia, kabla hamjamwambia mtu yeyote akimbie.