Waya au bila waya ukumbini? Nataka kununua kabla ya Jumamosi

Mwana_Kibokoni
Assalaam alaykum wanabaraza. Nimenunua TV ya inchi 55, ya picha kali ya 4K, na ndugu yangu alioko Dubai aniletea saundibaa, ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV, yenye spika mbili za nyuma. Sasa fundi mmoja aniambia nivute kebo ya LAN kutoka kwenye rauta mpaka kwenye TV, na kila kitu ukumbini kiwe cha waya. Mwengine asema waya ni taabu tupu, ninunue kile kifaa cha kuongeza nguvu ya waifai, mambo yaishe. Pesa niliyobakisha yatosha njia moja tu. Mwenye kujua anishauri, tafadhali. Waya au bila waya?

Fundi_wa_Mkomani
Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, hapo hujatwambia kitu. Rauta iko wapi na TV iko wapi? Kati yao kuna ukuta wa namna gani? Nyumba ni yako au umepanga? Kifurushi cha intaneti ni Mbps ngapi, yaani kasi yake? Hiyo TV wataka kuangalia nini hasa, YouTube na Netflix au dikoda ya dishi? Na saundibaa ni modeli ipi? Bila ya hayo kila mtu atakupigia debe kile alichonacho kwake.

Bi_Tudor
Waya. Kwangu sheria ni moja: kisichohama kifungwe waya. TV haihami, dikoda haihami, kompyuta ya kijana wangu haihami, zote ziko kwenye kebo. Waifai nimewaachia simu na tableti za watoto. Na watu husahau kwamba ukiitoa TV kwenye waifai, hata simu zapata nafuu. Waifai ni njia moja ya hewani mnayogawana wote nyumbani, kifaa kimoja kikituma, vyengine vyangoja zamu. Picha za TV ndizo zinazokula zamu nyingi.

kijana_nyali
Bi Tudor, kwa heshima zote, rauta za sasa si zile za miaka kumi iliyopita. Netflix wenyewe waeleza kuwa 15 Mbps zatosha kwa picha ya 4K. Mimi kwa waifai ya 5 GHz, ile bendi yenye kasi zaidi, napata zaidi ya 200 kwenye TV. Na kuna jambo mafundi hawalisemi: TV nyingi, hata za bei ya juu, tundu lake la LAN mwisho wake ni 100 Mbps. Unatoboa ukuta, unavuta kebo, unalipa fundi, halafu ukipima wakuta nusu ya ulichokuwa nacho bila waya.

Fundi_wa_Mkomani
Hilo la tundu la 100 ni kweli. Lakini hesabu yako yakurudia wewe mwenyewe. Kama 4K yataka 15, basi 100 ni nyingi mno. Kwenye waya mtu hanunui kasi, anunua utulivu. Mia za waya zitabaki mia hata saa tatu usiku majirani wote wakiwa kwenye mpira. Mia mbili zako zapanda na kushuka.

Halafu wewe uko Nyali, nyumba ina ua pande zote. Nenda Majengo au Kibokoni, fungua simu, tazama orodha ya waifai zinazotokea. Ile bendi nyengine ya waifai, 2.4 GHz, ina chaneli 3 tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na mtaa mzima wazigombania. Ongeza maikrowevu na Bluetooth, nazo zatumia masafa hayo hayo.

Mwana_Kibokoni
Samahani nilikuwa kazini. Nyumba ni ya kupanga, Kibokoni, ghorofa ya pili. Rauta iko chumba cha mbele karibu na ngazi, ndipo faiba ilipoingilia. TV itakaa ukumbini nyuma. Kifurushi ni cha 20 Mbps. Mwenye nyumba sijamuuliza bado.

kijana_nyali
20 Mbps! Hilo lilipaswa kusemwa mwanzo. Kwa 20 hata waifai ya kawaida yatosha.

Fundi_wa_Mkomani
Ingetosha kama ingefika. Nyumba za kale za Kibokoni zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake futi moja na nusu, pengine zaidi. Hiyo 5 GHz mnayoisifu hupita kwa shida sana kwenye jiwe kama hilo. Ile 2.4 itapita, lakini ndiyo yenye msongamano. Na kile kifaa cha kuongeza nguvu hakizalishi intaneti, chapokea kilichofika na kukitangaza tena. Ukikiweka ukumbini, nyuma ya ukuta, kitatangaza ishara iliyokwisha kudhoofika. Na zile za bei nafuu zapokea na kutuma kwa redio moja, kwa hivyo kasi yakatika karibu nusu.

Pima kwanza, pesa usitoe. Simama pale TV itakapokaa, shika simu, pima kasi saa ya alasiri, upime tena usiku. Mlango wa kati ukiwa wazi, na ukiwa umefungwa. Utuletee majibu.

Baraza_la_Mji_wa_Kale
Naomba niongeze la muhimu. Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na Kibokoni, ni eneo la hifadhi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nje ya nyumba huwezi kutoboa wala kupitisha kebo unavyotaka. Nasema hivi kwa uchungu, maana kuna nyumba hapa zenye roshani za mbao za kuchongwa, kazi ya mikono ambayo leo hupati fundi wa kuirudia, na mbele yake zimening'inia kebo nyeusi za kila aina, nyengine hazifanyi kazi tena na hakuna aliyezitoa. Ndani ya nyumba yako ni shauri lako na mwenye nyumba. Nje, tafadhali, usiguse bila ya ruhusa.

Mwana_Likoni
Nimesoma yote na naona mwaisifu waya kama kwamba haina ubaya wake. Sikilizeni yaliyonipata.

Nyumba yetu iko karibu na bahari. Faiba iliingilia upande wa mbele, na baba amehamia chumba cha nyuma. Nikaenda duka moja mjini, nikaomba kebo ya LAN ya daraja la Cat 6 ya kupitisha nje, chini ya mapaa. Yule muuzaji akanipa boksi la buluu, limeandikwa Cat 6 kwa herufi kubwa, bei nzuri. Nikamlipa fundi, akavuta, akabana vichwa, TV ikashika. Baba akafurahi sana, maana Ramadhani yote huangalia Taraweh moja kwa moja kutoka Makka.

Baada ya miezi kadhaa ikaanza kukatika. Yashika dakika kumi, yapotea. Nikapigia kampuni ya intaneti, wakaja, wakabadilisha rauta, wakaondoka. Vilevile. Nikanunua swichi nyengine ya mtandao. Vilevile. Mwisho nikapanda ngazi mwenyewe. Ganda la kebo upande unaopigwa na jua limepasuka, ukilishika laacha unga mkononi. Vichwa vimeota kutu ya kijani. Nikakata kipande, nikachukua wembe, nikakwaruza uzi mmoja. Juu mwekundu, ndani mweupe kama sufuria. Ilikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba! Nikaupinda mara tatu nne, ukakatika kama kijiti cha kibiriti.

Kumi la mwisho la Ramadhani mzee wangu aliangalia kwenye simu ya mjukuu, miwani puani. Hilo liliniuma kuliko pesa. Nikaing'oa kebo yote, nikanunua zile rauta zinazouzwa mbili mbili, moja mbele, moja kwenye ukumbi wa kati, mlango wa baba uko wazi muda wote. Haijakatika tena. Kwa upepo huu wetu wa chumvi, mimi waya siupendekezi.

Fundi_Bamburi
Pole sana, na mzee pole yake. Lakini hapo waya haina kosa, uliuziwa kitu kingine kwa jina la waya. Wanaonunua wasome ganda lenyewe, boksi wasilitegemee. Ikiandikwa CCA ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iacheni dukani. Shaba tupu ni nzito, boksi la shaba utalihisi mara tu ukilinyanyua. Na ya kupitisha nje ina ganda lake jeusi la kuhimili jua. Ile ya buluu au ya kijivu ni ya ndani.

Vilevile msidanganywe na namba. Cat 5e ya shaba yapitisha 1 Gbps, yaani 1000 Mbps, mpaka mita 100. Nyumba gani hapa Mombasa ina mita 100 kutoka rauta mpaka TV? Wanaokuuzia Cat 7 na Cat 8 kwa ajili ya TV yenye tundu la 100 wanakuondolea pesa tu.

Mwana_Likoni
Sawa, lakini mnunuzi wa kawaida ataijuaje kabla haijamharibikia? Waifai ikiwa mbovu naiona siku hiyo hiyo na nairudisha. Kebo mbovu ilinionesha uso mzuri miezi.

Fundi_Bamburi
Omba ukatiwe kipande cha mita moja, kwaruza pale pale kaunta. Muuzaji akikataa, ondoka.

Mama_Nasra
Mbona hakuna aliyegusa saundi? Mwana Kibokoni ana saundibaa na mwaongea kuhusu intaneti pekee. Hayo ni mambo mawili mbali mbali.

Kutoka TV mpaka saundibaa tumia kebo ya HDMI, kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, pande zote mbili. Kebo fupi, haitoboi ukuta, haikasirishi mwenye nyumba. Usiunganishe kwa Bluetooth ingawa TV itakushawishi kwa sababu ni rahisi. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kiasi cha sehemu ya tano ya sekunde. Kwa Kurani au taarabu ya kusikiliza tu haidhuru. Kwa taarifa ya habari utaona mdomo umefungwa na neno ndio kwanza latoka, na ukishaliona hulisahau tena. TV nyengine zasawazisha zenyewe, nyengine hazijui.

Hizo spika za nyuma zisizo na waya, fahamu kwamba kila moja au kipokezi chake chataka umeme. Nyuma ya makochi una soketi? Kama huna, utavuta ekstensheni, na hapo umeurudia waya ulioukimbia, tena wa umeme, watoto wakipita juu yake.

Mwana_Kibokoni
Shukrani Mama Nasra. Soketi nyuma hakuna. Na nimepima kama alivyosema Fundi. Mlango wazi napata 14 alasiri, usiku 6. Mlango ukifungwa, usiku yashuka mpaka 2.

Bi_Tudor
Basi jibu unalo. Mbili haziendeshi hata YouTube ya HD bila kukwama.

kijana_nyali
Usiku hizo 6 mna hakika ni waifai? Pengine ni kampuni yenyewe yazidiwa. Kebo za baharini zashukia hapa hapa kwetu: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010. Na bado usiku twazubaa! Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Afrika Mashariki nzima ilikwama, uwe na waya wala usiwe nayo. Apime akiwa amesimama kando ya rauta usiku huo huo. Ikiwa hapo pia ni 6, waya ya ukumbini haitamsaidia.

Fundi_wa_Mkomani
Hapo umesema la maana. Mwana Kibokoni, pima kando ya rauta, usiku, kabla hujanunua chochote.

Baraza_la_Mji_wa_Kale
Na stima je? Hapa kwetu ikienda, rauta yazimika, na mwenye waya na asiye na waya wako sawa. Mimi nilinunua betri ndogo ya rauta, yashikilia saa kadhaa. TV haiwaki, lakini simu zafanya kazi na watoto wamaliza homuwaki.

Mama_Nasra
Betri ya volti ngapi? Yangu niliyouziwa ilikuwa ya 9 na rauta yataka 12.

Baraza_la_Mji_wa_Kale
Yangu ina matundu ya 9 na 12 yote mawili. Tazama maandishi chini ya rauta, na amperi pia, zisiwe chini ya zilizoandikwa.

Mwana_Kibokoni
Nimeongea na mwenye nyumba. Kutoboa ukuta wa kati hataki kusikia. Amekubali kebo bapa ipite juu ya fremu ya mlango, kwa vibanio vidogo. Kando ya rauta jana usiku nilipata 18. Ndugu yangu asema saundibaa ya modeli ile imekwisha dukani, ataniletea nyengine, hajaniambia ipi.

Fundi_wa_Mkomani
Kumi na nane kando ya rauta na sita ukumbini: zilizopotea zimepotelea ukutani. Kebo bapa ni nyembamba, lakini kwa mita kumi na tano na 20 Mbps haina shida. Iwe ya shaba.

Mwana_Likoni
Au rauta ya pili mlangoni, mlango ubaki wazi. Mimi bado nasema hivyo.

Mama_Nasra
Mlango wa ukumbi uwe wazi usiku kucha na wageni wamo? Kwa nyumba ya kupanga ya Kibokoni, haiwezekani.

Mgeni_Ganjoni
Samahani kuingilia. Mimi nataka kutundika TV ya inchi 55 kwenye ukuta kama huo wa matumbawe. Nilijaribu na drili, jiwe likamomonyoka, tundu limekuwa pana kuliko plagi. Kuna aliyefanikiwa?

Fundi_Bamburi
Uliwasha ile gonga-gonga ya drili? Na tundu liliangukia kwenye jiwe au kwenye chokaa ya kati? Tuma picha.