Mjadala: Mnyororo wa sababu una mwanzo, au hauna?

Mwana Kibokoni
Nduzangu, jana baada ya isha tulibishana barazani hapa Mombasa mpaka muuza kahawa akabeba dele lake akaenda zake. Kila kitu kina sababu, na sababu ina sababu yake. Je, twaweza kurudi nyuma bila ukomo? Mimi nasema hatuwezi. Maji ninayooga yatoka kwenye mtungi wa mkokoteni. Mwenye mkokoteni kateka mferejini, mfereji waletewa na bomba, na bomba laanzia chemchemi za Mzima, huko Tsavo. Iondoe Mzima, kisha unga mabomba hata milioni: hupati tone. Ndivyo nimwelewavyo mwanafalsafa wa Kiislamu Ibn Sina (980–1037): visivyojitosheleza, hata viwe vingi vipi, vyamhitaji anayejitosheleza.

Mwalimu wa Hesabu
Mfano mtamu, ila umeukata mapema. Mzima yapata wapi maji? Kwa mvua ya milima ya Chyulu, ichujwayo na miamba ya volkeno. Na mvua je? Ni mvuke, na mwingi watoka bahari hii hii tunayoiangalia tukikaa Mama Ngina. Hapo pana duara, si mnyororo. Mwanzo wake uko wapi?

Najua mtanijia na mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali (aliyefariki 1111). Alisema: sayari ya Zohali huzunguka mara moja kwa miaka 30 hivi, na jua, kwa falaki ya zama zake, mara moja kwa mwaka. Kama ulimwengu hauna mwanzo, mizunguko ya vyote viwili haina idadi, na bado ya jua ni mara 30 ya ile ya Zohali. Akaona haiingii akilini. Nami ningeona hivyo, lau si mwanahisabati Georg Cantor wa karne ya 19, aliyelinganisha visivyo na idadi kwa kuvioanisha. Hesabu kurudi nyuma kuanzia leo, oanisha mzunguko wa kwanza wa jua na wa kwanza wa Zohali, wa pili na wa pili, uendelee: hakuna unaokosa mwenzake. Ajabu, naam. Kujipinga, hapana.

Dada wa Likoni
Cantor kaoanisha namba. Mizunguko iliyokwisha kupita ni kitu kingine, mwalimu usituvushe haraka hivyo, hata feri ina foleni.

Halafu mbona Al-Ghazali mwaleta nusu? Ndiye huyo aliyesema pamba ikiguswa na moto si lazima iungue, sisi tumezoea tu kuviona pamoja. Mwanafalsafa Mskoti David Hume naye akaja na jambo la karibu na hilo karne ya 18. Mwanafalsafa Ibn Rushd (1126–1198) alimjibu Al-Ghazali kwamba anayekanusha sababu amekanusha akili. Mimi niko na Ibn Rushd. Nakaanga mahamri kila alfajiri na sijawahi kungoja nione kama leo moto utakubali.

Mwana Kibokoni
Mwalimu, kwa duara umenipata. Lakini duara hilo lazungushwa na jua, na jua halimo ndani yake. Mwanafalsafa Mkristo Thomas Aquinas (1225–1274) aliamini sababu ya kwanza, na bado akashika kwamba akili peke yake haithibitishi kuwa ulimwengu ulianza. Basi naondoa neno “nyuma”. Nauliza nini kinaushikilia mnyororo sasa hivi.

Mwalimu wa Hesabu
Kwa hiyo Mzima umeihamishia juani. Na jua lajitosheleza?

Mwana Kibokoni
Halijitoshelezi. Ndiyo hoja yangu.

Mwalimu wa Hesabu
Ndiyo yangu pia! Kesho kashata juu yangu.