Naomba ushauri: kisima chetu Kisauni kimeanza kutoa maji ya chumvi

Assalamu alaykum ndugu zangu na wazee wetu. Nimekwama.

Mtaani kwetu tuna kisima kimoja cha pamoja. Mombasa haina mto wake, maji ya mfereji hutoka mbali kama Baricho na Mzima, na yakikatika sote hukimbilia hapo: nyumba kama thelathini, vijana wa mikokoteni na mitungi ya lita 20, na kina mama watatu wanaolima mchicha na mnavu.

Tangu tufunge pampu ya umeme mwaka jana, maji yamegeuka. Sabuni haitoi povu, majani ya mchicha yanaungua ncha. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe; maji matamu yanaelea juu ya yale ya bahari. Usawa wake ukishuka mita moja tu, chumvi chini yake huweza kupanda takriban mita 40. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tumepunguza saa za pampu, na kina mama wamefunika matuta kwa majani makavu. Nafuu ni ndogo. Wengine sasa wanataka wakulima wafukuzwe, nami moyo unakataa, kwani mboga zile zinasomesha watoto.

Waliowahi kusimamia kisima cha jamii: mligawaje maji baina ya nyumba, wachuuzi na mashamba bila ugomvi? Na je, tukielekeza maji ya mvua kutoka paani kwenye shimo karibu na kisima, yatarudisha utamu, au yataingiza uchafu wa vyoo?