Wakuu, "mkaushe" maana yake nini? Nimemnyima ng'ombe maji siku mbili

Msaga Unga
Wakuu, habari za jioni. Niko Buswelu hapa Mwanza, kazi yangu mashine ya kusaga, ng'ombe nimeanza mwaka jana. Nimekulia Magu kwenye mifugo, nikadhani ng'ombe nawajua. Kumbe wale wa kuchunga ni habari nyingine, hawa wa bandani wana lugha yao.

Ng'ombe wangu ni mweusi mwenye mabaka meupe, ana mimba ya miezi saba. Bwana mifugo alipita akamwangalia, akasema, "Huyu anza kumkausha." Akawasha pikipiki, huyoo. Nikamwambia kijana wa bandani kwamba ng'ombe akaushwe, naye akaondoa ndoo ya maji. Siku mbili! Jana usiku mnyama kalia mpaka jirani akaja kugonga geti. Leo asubuhi kapewa maji, kanywa ndoo nne bila kuinua kichwa.

Na si mara ya kwanza. Kabla hajashika mimba niliambiwa "yuko kwenye joto", nikakimbia duka la dawa za mifugo kuulizia sindano ya homa. Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nataka kuongeza wa pili. Dalali mmoja wa Kisesa ana "mtamba F1, mimba ya miezi mitano, mama yake lita 20, tena yeye ni pacha, mwenzake dume." Nikaitikia tu kama naelewa. Nisaidieni kabla sijaua mnyama au sijaliwa hela.

Kupe Sugu
Huyo kijana wako siku akiambiwa "mpandishe ng'ombe" atakodi Fuso 😂😂

mama_ndama
Kupe, mwache mwenzio. Msaga, mwanangu, pole, na ng'ombe naye mpe pole. Kukausha ni kumkausha maziwa, si maji. Unaacha kumkamua siku 60 hivi kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike na ndama tumboni apate chake. Kama anatoa kidogo, lita tatu nne, unaacha moja kwa moja. Kama bado anatoa nyingi, kamua mara moja kwa siku kwa siku chache huku unapunguza pumba na mashudu, halafu unaacha kabisa. Siku ya mwisho unamkamua mpaka tone la mwisho, unasafisha chuchu, bwana mifugo anaingiza dawa ya kukaushia kwenye tundu la kila chuchu. Inasaidia kuzuia ugonjwa wa kiwele. Maji muda wote, usiku na mchana. Ng'ombe wa maziwa kumaliza lita 60 kwa siku si ajabu.

Joto nalo si homa. Ni siku yake ya kutaka dume. Huja kila siku 21 hivi kama hana mimba. Analia hovyo, hatulii, maziwa yanapungua, na nyuma anatoa ute unaovutika kama ute wa yai. Wakiwa wengi utamwona anasimama akipandwa na wenzake. Wewe unaye mmoja, kwa hiyo kazi yako ni kuchungulia ule ute asubuhi na jioni.

Mpiga Mirija
Mimi ni mhimilishaji, niongezee hapo kwa mama. Ukiona joto asubuhi, nipigie nije jioni. Ukiona jioni, nije kesho asubuhi. Watu wananiita baada ya siku mbili, mbegu inaharibika bure, halafu lawama kwangu. Kuhimilisha ndiyo kupandisha kwa mrija, bila dume.

Tuje kwa dalali. Mtamba ni jike ambaye hajazaa bado. Akishazaa si mtamba tena, hata kama dalali atamwita hivyo mpaka azeeke. F1 ni chotara wa kwanza, mfano mama ng'ombe wetu wa asili, baba Friziani, wale wa kizungu wenye mabaka, nusu kwa nusu. Kwa jua la huku na kupe zetu, F1 anavumilia kuliko mwenye damu nyingi ya kizungu. Ila mabaka meusi na meupe si cheti. Hata huyo wako huenda ni chotara tu.

"Mama yake lita 20" muulize, lita 20 lini? Ng'ombe hupanda maziwa mwezi wa pili hivi baada ya kuzaa, kisha anashuka taratibu. Wauzaji wanataja ile siku ya kilele kama vile ni kila siku.

Ng'wana Busisi
Mkuu, kwa kuwa wako anakaribia kuzaa, shika na hili: "homa ya maziwa". Jina linadanganya kuliko hata hilo joto lako. Hana homa, ana baridi. Masikio ya baridi, shingo kaikunja ubavuni, hasimami, mara nyingi siku moja au mbili baada ya kuzaa. Ni upungufu wa kalsiamu. Usisubiri kukuche, ita daktari amtundikie dripu. Wangu wa mzao wa tatu alianguka saa nane usiku, alfajiri akasimama mwenyewe baada ya chupa kuisha.

Na ndama apewe dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, saa chache za mwanzo. Kuna watu wanayamwaga kwa sababu ni ya njano na mazito. Kinga yake yote iko mle.

Halafu kama unakata majani kule ziwani, yaanike kwanza na umpe dawa ya minyoo kwa ratiba. Majani ya majimaji yana minyoo ya ini. Panda mabingobingo yako nyumbani ulale usingizi.

mama_ndama
Ngojeni. Nimerudia kusoma. Msaga, umesema mtamba ni pacha, mwenzake dume? Hela umeshatoa?

Msaga Unga
Bado mama. Dalali anasema pacha ni bahati, ukoo wa kuzaa mapacha.

mama_ndama
Usitoe hata mia. Jike aliyezaliwa pacha na dume, tisa kati ya kumi ni tasa. Mle tumboni damu zao huchanganyika, homoni za dume zinaharibu kizazi cha jike. Kwa nje ni ng'ombe mzuri, tena mnene. Hazai maisha yake yote. Sasa hiyo mimba ya miezi mitano kaipata wapi?

Mpiga Mirija
Mama kaona, mimi ilinipita kabisa. Nenda na mtu wa kumpima kwa mkono. Mimba ya miezi mitano haijifichi. Na kama unataka mtamba mwenye kumbukumbu, kaulizie shamba la serikali la mitamba pale Mabuki, Misungwi. Foleni ipo, lakini utaambiwa baba ni nani na mama ni nani.

Msaga Unga
Wakuu, nimerudi. Leo nimekwenda Kisesa na bwana mifugo. Kavaa glavu ndefu mpaka begani, kaingiza mkono, kakaa kimya kidogo, kautoa. "Hapa hamna mimba, na kizazi chenyewe sikioni." Dalali bila haya akaniambia, "Basi mchukue kwa bei ya nyama."

Nimeondoka. Mama ndama, huyu wa nyumbani leo siku ya tatu hajakamuliwa. Kiwele kimejaa kama mpira, mkono unaniwasha. Nimpunguze kidogo?

mama_ndama
Usiguse. Ukimkamua, mwili unajua maziwa bado yanatakiwa, utaanza upya. Kitashuka chenyewe. Ila ukiona upande mmoja ni wa moto, mgumu, na anarusha teke ukigusa, ita mtu siku hiyohiyo. Na ndoo ya maji iko wapi?

Msaga Unga
Nimenunua pipa mama.