Kaya Kinondo ifungwe kwa wageni ama ibaki wazi?

Jamani naona wengi mnataka Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu wa Wadigo huku Kwale, ifungwe, mgeni asitie mguu, ibaki ya wazee na matambiko yao basi. Nawaelewa, manake mimi ni wa huku huku Kwale na nyanya yangu tukipita karibu na ile kaya alikua ananyamaza kabisa mpaka tuimalize. Lakini mimi nasema ikae wazi, ila sio wazi vile madereva wa watalii wanavyotaka.

Kwa ambao hamjafika, ni msitu mdogo tu, kama hekta 30 hivi, umeota juu ya mawe ya matumbawe kusini ya Diani, karibu na bahari. Ni moja ya zile kaya za Mijikenda (makabila tisa ya pwani) ambazo UNESCO iliziingiza kwa Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wageni walianza kupokelewa mwanzo wa miaka ya 2000, na kabla uingie unafungwa kaniki kiunoni, unaambiwa hakuna kubusiana ndani na hutoki na kitu, hata jani.

Mwaka jana nilimpeleka shemeji yangu wa Nakuru na wanawe. Yule mdogo akaokota mbegu moja kubwa akatia mfukoni, kijana anayetuongoza akaona. Hakumfokea, alichuchumaa akamuuliza umeitoa wapi hasa, wakarudi wawili mpaka chini ya ule mti wakaiweka palepale. Basi yule mtoto siku nzima, hata tulipofika ufuoni, kila kitu anauliza kwanza, hii naweza guza? Sasa mkifunga, hilo atalijulia wapi?

Alafu tuseme ukweli, zamani kaya ililindwa na woga, watu waliogopa fingo, ile kinga ya wazee iliyozikwa ndani ya kaya, na mizimu, ukikata mti unajua yatakukuta. Saa hii mtu ana hati ya shamba mkononi, haogopi fingo. Serikali ilianza kuzitangaza kaya turathi ya taifa 1992 na bado Kaya Diani imemegwa, na Chale pale kisiwani wazee walipiga kelele miaka ya tisini na hoteli ikajengwa tu. Msitu usioingiwa na mtu, nani atasikia msumeno wa mashine ukilia usiku? Hawa vijana wanaozungusha wageni ni watoto wa kijiji, wanalipwa na kaya, wako pale kila siku, wao ndio watasikia.

Na nyinyi mnaosema kuingia kaya ni shirki, hakuna anaelazimishwa kuomba chochote mle. Wadigo wengi ni Waislamu na wazee wa kaya ninaowajua mimi Ijumaa utawakuta msikitini.

Kinachoniuma ni zile van. Siku hiyohiyo ilikuja moja, watu wengi mno, dereva hakuzima hata injini anawaambia dakika ishirini tu, kijana wa kuongoza anaeleza mambo ya koma, roho za wahenga, na wao wanapiga selfi, mmoja anaongea na simu kwa sauti. Hapo ndio nakubaliana na nyinyi mia kwa mia. Waingie watu kumi kumi, na siku za tambiko pafungwe bila kujadiliana, awe mgeni wa hoteli gani sijui.

Wengine wasubiri zamu, kwani huku kuna uhaba wa pa kwenda? Waende msikiti wa Kongo pale mto Mwachema unapoingia baharini, katikati ya mibuyu, ni wa kale na bado unaswaliwa. Waende Diani wakaone mbega wakivuka barabara kwa ngazi za kamba walizofungiwa juu, wapande Shimba Hills wakaangalie palahala, wale swala wakubwa wa pembe ndefu, ama washuke Gazi watembee kwa lile daraja la mbao la kina mama katikati ya mikoko.

Na Gazi nataka tuizungumzie sana, manake kule kwa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji, wanauza kaboni ya mikoko yao tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaivuta, na pesa zimeingia kwa maji na shule, mtu anakuonyesha bomba kwa kidole anakwambia hili limetoka kwa mikoko. Kinondo nataka hivyo hivyo, kiingilio cha mwezi kiandikwe ukutani pale mlangoni, kimeingia ngapi na kimeenda wapi, kila mama anaepita na ndoo asome.

Mnaotaka ifungwe, nijibuni hili moja: wale vijana wanaoongoza wageni mtawalipa na nini? Na watu wa Rabai, kaya zenu nyie mnazilinda vipi?