Kuponi, pointi za kazi na matanuri ya uani: tupeane tunachokijua kuhusu China ya 1949 hadi 1958

Bwana Ghala: Wakuu, kila tukigusa Mapinduzi ya China tunaishia kwenye hotuba. Leo tushuke ghalani na jikoni. Naanza. Mwishoni mwa 1953 serikali ilishika biashara yote ya nafaka: mkulima anapangiwa kiwango, anauza kwa bei ya serikali. Mwaka 1955 mjini zikaja kuponi. Mikoa ya wala mchele, mfanyakazi wa kazi nzito alipata jin 35 hadi 44 kwa mwezi, karani 24 hadi 29 (jin 1 ni nusu kilo). Kuponi haikuwa badala ya pesa, ulitoa vyote viwili, hata kwa bakuli la tambi mgahawani. Ukivuka mkoa, kuponi za mkoani kwako hazipokelewi. Unatafuta za taifa, na hizo hupewi bila barua ya kazini.

Mto Njano: Ongeza hukou, daftari la makazi. Sheria ya Januari 1958 ilikaza kamba kabisa. Mkulima hana mgao wa mjini, sasa akihamia huko atakula nini?

Jembe Halilali: Mnaanzia katikati. Sheria ya ardhi ya Juni 1950 iligawa mu milioni 700 hivi (mu 15 ni hekta 1) kwa wakulima wapatao milioni 300, tena kwa hati. Hilo msilipite.

Mto Njano: Hati za miaka mingapi, ndugu? Kufika mwisho wa 1956, kaya 88 hivi katika kila 100 zilikuwa kwenye ushirika wa ngazi ya juu. Ardhi ya wote, hati karatasi tupu.

Jembe Halilali: Kodi ya mwenye shamba iliondoka na haikurudi. Kwa aliyekuwa akitoa nusu ya mavuno, hilo si dogo.

Mhunzi wa Bondeni: Mkitaja 1958 mimi nawaza matanuri tu. Lengo la chuma cha pua lilikuwa tani milioni 10.7, mara mbili ya mwaka uliotangulia. Vijiji vikajenga matanuri ya udongo na matofali, mvukuto wa mkono, miti ikakatwa kwa mkaa. Madini yakipungua, watu wanaleta sufuria, bawaba, majembe. Sufuria tayari ni chuma cha kusubu, kinayeyuka kwenye nyuzi 1,150 hivi. Chuma cha pua kinataka karibu 1,500, na tanuri lile halifiki. Palipokosekana mkaa walichoma makaa ya mawe mabichi, salfa ikaingia kwenye chuma. Kilichotoka ni bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, ukiligonga linapasuka. Kati ya tani milioni 11 zilizotangazwa, kama milioni 3 hazikufaa kitu. Na ilikuwa majira ya mavuno! Wenye nguvu wako kwenye tanuri, viazi vinaozea ardhini.

Kibaba: Hapo umegonga penyewe.

Bwana Ghala: Tuje kwenye pointi za kazi, alizoandikiwa mkulima kwa kazi yake kwenye ushirika. Mwanaume mwenye nguvu 10 kwa siku, mwanamke mara nyingi 7 au 8 kwa kazi ileile. Thamani ya pointi ilijulikana mwisho wa mwaka: toa kodi, mbegu na akiba, kinachobaki gawanya kwa pointi zote.

Kibaba: Si ndiyo mambo Mwalimu aliyoyaona alipokwenda China Februari 1965?

Mto Njano: Sivyo hasa. Tangu 1962 hesabu ya pointi ilishateremshwa kwenye kikosi kidogo cha uzalishaji, yaani kundi la kaya chache kijijini, na yale majiko ya pamoja ya 1958 yalishafungwa. Usichanganye vipindi.

Jembe Halilali: Ushauri kwa wanaoandika: takwimu za mavuno ya 1958 tupeni zote. Zilitangazwa tani milioni 375, baadaye zikashushwa hadi 200.

Bwana Ghala: Usitupe hata moja! Serikali ilipanga ununuzi kwa kufuata tarakimu hizohizo. Kijiji kilichodanganya kuwa kimevuna maradufu kilidaiwa nafaka maradufu, na iliyochukuliwa ilikuwa ya kula na ya mbegu.